Nani Alikata Mgongo

Siku ya nne baada ya kumzika mjomba wangu Katele, mjane wake, Mama Yudita, aliniita pale alipokaa kwenye mkeka, akanishika ukingo wa kitenge, akaniambia kwa sauti ya mgonjwa: "Adela, roho yangu inatamani ule mukate wako wa nyama. Ule wa Masera." Wanawake waliomzunguka wakatikisa vichwa kwa huruma, maana tangu siku ya kifo alikuwa hajatia kitu tumboni ila chai. Mimi damu ilinipanda hadi masikioni. Kwa miaka thelathini na miwili Mama Yudita hajawahi kuutaja mkate ule mbele yangu, na nilikuwa nimeamini kwamba hata yeye ana haya kidogo. Sasa mume yuko chini ya udongo, udongo wenyewe haujakauka, naye anauagiza kama mtu anayeagiza uji. Nikamjibu, "Ndiyo, Mama," kwa sababu mjane hafokewi kwenye mkeka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikazifokea kuni, nikazifokea sufuria, nikamfokea mwanamke wa watu aliyekuwa anamenya vitunguu vyake vizuri kabisa bila kosa lolote.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuondoa matanga, na jiko lilikuwa langu. Ukoo ukilia, ukoo ukioza, mimi ndiye ninayeitwa. Nina mgahawa karibu na bandari hapa Kalemie, najua kupikia watu mia mbili bila wali kuungua, kwa hiyo hakuna anayeniuliza kama nimechoka. Mdogo wangu Leonard alikuwa ameleta nguruwe kutoka Kabimba, dume nene la kutosha. Leonard ndiye sasa mkubwa wa ukoo, maana kwetu kiti cha mjomba hurithiwa na mtoto wa dada yake. Alimshusha yule nguruwe kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, akajifuta jasho, akaniambia mbele ya watu wote, akiniita Yaya kama tunavyomwita dada mkubwa: "Yaya, nguruwe njo huyu. Lakini usiguse mugongo!" Watu wakacheka, kwa sauti ya chini kwa sababu ya msiba, lakini walicheka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba kila mara na mimi hucheka.

Nieleze kicheko hicho. Katika ukoo wetu, nguruwe akichinjwa kwa jambo la wakubwa, ile nyama iliyolala kando ya uti wa mgongo haikatwikatwi na nyingine. Inatolewa nzima, inachomwa nzima, inaletwa peke yake kwenye sahani mbele ya mkubwa wa ukoo, naye ndiye anayeikata na kumpa anayetaka kumheshimu. Mwanamke anaichoma, mwanamke anaibeba, lakini mwanamke haitii kisu wala haitii mdomoni. Mimi ndiye msichana aliyeitia kisu. Ndivyo wanavyosema. Tangu nikiwa na miaka kumi na minane jina langu ni Mama Mugongo. Nikifika kwenye harusi, mtu atasema, "Fungeni jiko, Mama Mugongo amekuja." Watoto waliozaliwa juzi wananiita hivyo bila kujua maana yake. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuniuliza kwa nini nisiwaambie ukweli, nikamwambia kwamba ukweli una mwenyewe, na mwenyewe yupo, anakula na kulala, siku akitaka ataufungua mdomo.

Basi asubuhi ile ya kuondoa matanga, nguruwe alipokwisha kupasuliwa, nikaitoa nyama ya mgongo, nikailaza kwenye ubao. Nilikuwa peke yangu na kisu. Nikaitazama. Nikapima kiganja kimoja katikati kabisa, pale inapokuwa ya mviringo na ukanda wa mafuta upande mmoja, nikakata. Mara ya kwanza maishani mwangu. Kisu kiliingia taratibu, na sikusikia woga wowote. Nikakifunga kipande changu kwenye jani la mgomba, nikawaambia wanawake wachome kile kilichobaki kama kilivyo, nikatembea hadi nyumbani kwangu kupika mkate wa Masera Kazue.

Masera ndivyo tunavyowaita watawa wa kike. Masera Kazue alikuwa Mjapani, mkunga, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, na nchi wakati huo bado iliitwa Zaire. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Nilitoka kwetu Mpala nikakaa kwa mjomba, katika chumba cha nyuma ambacho nusu yake ilikuwa magunia ya ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, na kila asubuhi nilinusa mikono yangu kabla ya kwenda shule, nikiomba harufu isiwe imeingia kwenye sare. Iliingia. Mjomba alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mtu mkubwa mwenye sauti, aliyesikilizwa hadi Moba, na hakujua kusoma hata herufi moja. Mimi ndiye niliyemsomea barua za wateja wake wa Kigoma na Lubumbashi, mimi ndiye niliyezijibu. Jioni moja, nikiwa kwenye chumba changu, nilimsikia akimwambia mgeni sebuleni: "Huyu mutoto njo macho yangu. Akienda, mi niko kipofu." Nilifurahi sana kusikia hivyo. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Alasiri nilisaidia jikoni kwa masera. Nalikumbuka jiko lile kuliko chumba chochote nilichowahi kulala: vigae vyeupe hadi usawa wa bega, dirisha la wavu linalotazama ziwa, saa ya ukutani iliyochelewa daima, na meza ndefu ya mbao iliyosuguliwa kwa chumvi hadi ikawa laini. Siku moja Masera Kazue alitoka kwenye malaria iliyomlaza siku tisa. Akaingia akijishikilia ukutani, akaketi, akasema kwa Kiswahili chake cha vipande vipande: "Adela. Mimi nataka kula kitu ya mama yangu. Mkate, ndani nguruwe." Nikamkatia mkate, nikamwekea nyama ya nguruwe ya mchana iliyobaki. Aliutazama, akautazama tena, akaanza kucheka na kukohoa. Hapo ndipo masomo yangu yalipoanza, kila Jumamosi, na sikuwahi kujifunza kitu kwa furaha kama ile, si hesabu, si Kifaransa, si chochote.

Nyama ikatwe nene, unene wa kidole gumba. Ule ukanda wa mafuta uchanjwe kidogo kidogo kwa ncha ya kisu, la sivyo nyama itajikunja kwenye mafuta na kukaa kama kiatu kilicholowa. Ipigwe kwa upande wa chupa, si kwa nguvu, mpaka ilegee. Chumvi, pilipili manga, kisha iachwe itulie. Hayo nayafanya sasa jikoni kwangu, na mikono inajifanyia yenyewe, hainihitaji, kwa hiyo kichwa kinapata nafasi ya kukasirika. Ganda la mkate halitupwi. Unalikata pande zote nne, unalianika likauke, halafu unalisugua kwenye kikwaruzo upate chenga kubwa kubwa, si unga. Chenga hizo ndizo zitakazoivisha nyama ya Jumamosi ijayo, kwa hiyo kila mkate unapikwa kwa ganda la mkate uliotangulia. Masera alinionyesha kwa vidole: unga wa ngano kwanza, ukung'utwe, yai la pili, chenga za tatu, zibandikwe kwa kiganja kwa upole, zisishindiliwe.

Mara ya kwanza nilipoachiwa nikaange mwenyewe, niliweka mawese. Kwetu mafuta ni mawese. Nani angeniambia kuna mengine? Nyama ilitoka nyekundu, kila chenga nyekundu, na mkate ukawa mwekundu, na meno ya Masera yakawa mekundu alipouma. "Adela," akasema, "hii ni nguruwe ya Pentekoste." Siku hiyo padre huvaa nyekundu; alicheka hadi akavua miwani. Jumamosi iliyofuata aliniletea chupa ya mafuta meupe yaliyovuka ziwa kutoka Kigoma, akanifundisha kusikiliza. Mafuta yanapiga kelele nyama ikiingia, kelele nyingi, halafu baada ya muda kelele inashuka. Ikishuka, geuza. Ikishuka tena, toa, na usiikate, iache ipumzike. Mchuzi tulitengeneza kwa nyanya, vitunguu, siki, sukari, na mapera yaliyoiva badala ya tunda la kwao ambalo hapa halipo. Kabichi ilitoka Kirungu, kule juu kwenye baridi, ngumu na tamu, ikakatwa nyembamba kabisa. Mkate unafungwa, unawekewa ubao juu na kitu kizito, dakika chache, kisha unakatwa vipande vitatu kwa kisu kikali, na unawekwa sahani ukionyesha tumbo: mweupe, kahawia, mweupe wa nyama, kijani. Kitu kizito chetu kilikuwa kitabu cha maisha ya watakatifu. Leo natumia pasi yangu ya makaa, bila makaa.

Katikati ya mwaka Masera aliambiwa atahamishiwa Lubumbashi, kwenye nyumba yao kubwa iliyokuwa na shule ya upishi na hoteli. Akaniuliza kama nataka kwenda naye. Kama nataka! Mwenye kutoa ruhusa alikuwa mjomba, kwa hiyo Masera alikuja nyumbani pamoja na katekista, akakaa kwenye kiti cha plastiki na Fanta yake, akaeleza. Mimi na Mama Yudita tulikuwa jikoni, masikio ukutani. Mjomba akasema, "Nimekubali. Mbele ya katekista, nimekubali." Mama Yudita alinikumbatia kwa mkono wake wa kushoto, maana kila kitu anakifanya kwa kushoto: anasonga ugali kwa kushoto, anakata sombe, yale majani ya muhogo, kwa kushoto, na mkato wake huinama upande ambao wa kwetu sisi wengine hauinami. "Utaenda, mwanangu," akaniambia. "Utaenda, utatutoa haya." Nasema ukweli, nilimpenda mwanamke yule. Katika nyumba ile yeye ndiye aliyeniwekea chakula nikichelewa. Kama nisingempenda, hasira hii ingekwisha zamani.

Likabaki jambo moja. Mkuu wa masera wa nchi nzima alikuwa anakuja kutembelea, na yeye ndiye angeamua nani anachukuliwa shuleni. Masera Kazue alimwahidi kwamba atakula mkate wangu. Lakini majuma machache kabla, ugonjwa ulipita kwenye nguruwe wa Kalemie. Walikufa barabarani, kwenye mabanda, nyumba ya masera ilipoteza wote. Sokoni hukupata nguruwe hata wa dawa. Masera aliniambia, "Tutafanya samaki. Samaki ni sawa." Ningemsikiliza! Nilikuwa na miaka kumi na minane, na kiburi cha mtu aliyejua kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho ni nguruwe. Na nguruwe mmoja alikuwa amebaki, wa mjomba, aliyefichwa upande wa Kabimba, kwa ajili ya siku wakwe watakapokuja kumposa binti yake mkubwa. Siku hiyo ikaangukia Jumamosi ileile ya mgeni wa masera.

Sikuiba. Naandika neno hili kwa nguvu hadi kalamu inatoboa karatasi. Asubuhi ile nilimwendea Mama Yudita kwenye moshi, nikamwambia, Mama, nipe kipande chochote, hata cha paja. Akaniuliza Masera anatumia nyama gani. Nikamwambia ya mgongo, lakini paja litatosha. Akaitazama nyama ya mgongo iliyokuwa imelala kwenye ungo, akatazama mlangoni, akachukua kisu chake. "Paja ni ya watu wote," akasema. "Weye unaenda kwa mukubwa wa masera." Akakata katikati, kiganja kizima. Nikamwambia, "Mama, na Mujomba?" Akanisukumia nyama kifuani. "Kamata. Mujomba wako akiuliza, miye ntamujibu. Kimbia."

Nikakimbia. Nilipika vile ambavyo sijawahi kupika tena. Mkuu wa masera, mama mzee wa Kibelgiji mwenye kidevu kigumu, alikula kipande cha kwanza akiwa anazungumza, cha pili akiwa amenyamaza, na cha tatu alimwangalia Masera Kazue na kumwambia kwa Kifaransa kwamba huyu msichana aje, na aje mapema. Masera akanikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Nilirudi kwa mjomba nikikata njia kwenye mashamba ya mihogo, naimba.

Nyumbani wakwe walikuwa wamekaa. Nikaingia jikoni wakati sahani ya mgongo ndiyo inatoka, imechomwa, na kipande cha katikati hakipo, pengo wazi kabisa. Sijui nilitegemea nini. Nadhani nilitegemea kwamba Mama Yudita ameshamwambia. Mjomba aliipokea sahani, akaitazama. Akaigeuza kuelekea dirishani, akainama akatazama pale palipokatwa, akatazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza, si kwa kelele, "Nani alikata mugongo?" Wakwe wakaangalia miguu yao. Mama Yudita alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, hatua mbili kutoka kwangu, nikasikia anavyopumua. Nikamngoja. Hata leo mwili wangu unakumbuka jinsi ulivyomngoja. Akasema, "Mumuulize Adela."

Maneno mawili. Wote wakanigeukia. Na mimi, badala ya kunyoosha kidole, nilifunga mdomo, kwa sababu mbele ya wakwe hufunui aibu ya mke wa mjomba wako. Nililelewa vizuri, na malezi yangu yakaninyonga. Kunyamaza kwangu kukawa jibu. Mjomba akaweka sahani chini, akawaomba wakwe radhi, akaendelea na posa yake kana kwamba hakuna kitu.

Jumatatu aliniita sebuleni. Nilidhani atanipiga, na laiti angenipiga. Akanisukumia karatasi na kalamu. "Andika kwa mukubwa wa masera," akasema. "Andika: ruhusa nimeikamata. Andika: huyu mutoto hana uaminifu. Leo amekata nyama ya wakubwa, kesho kwenu atakata nini? Hatatoka mu nyumba yangu." Alikuwa anazungumza Kiswahili na mimi ndiye niliyekuwa natafsiri kwa Kifaransa. Na hapa ndipo ninapotaka kuinuka kwenye kiti na kuvunja kitu. Mtu yule hakujua kusoma! Ningeweza kuandika chochote. Ningeweza kuandika kwamba ananibariki, kwamba nipelekwe kesho kwa gari moshi la kwanza, naye angetia dole gumba lake kwa wino na kuniambia vizuri. Wazo hilo halikunijia. Niliandika kila neno alilolisema, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, na nilipokwama kwenye neno la "hana uaminifu" nilikwenda chumbani, nikafungua kamusi, nikalitafuta, nikarudi nikaliandika bila kosa la herufi. Kisha akanituma niipeleke.

Masera Kazue aliisoma akiwa amesimama kwenye vile vigae vyeupe. Akavua miwani. "Adela, hii ni mkono yako umeandika." Ndiyo, Masera. "Ni kweli?" Nikamwambia, "Mujomba amesema." Alinisubiri niongeze kitu. Sikuongeza. Juma lililofuata alipanda gari moshi la Lubumbashi, na mimi nilikuwa sebuleni kwa mjomba namsomea barua ya mtu wa Kigoma anayelalamika kuhusu ndagala zilizoingia mchanga. Honi ya treni ilisikika hadi pale. Mjomba akasema, "Endelea." Niliendelea. Niliendelea kwa miaka sita, mpaka nilipoolewa, na Mama Yudita aliendelea kuniwekea chakula nikichelewa, kila siku, bila neno.

Watu wananiambia, lakini Adela, umefanikiwa, una mgahawa, umesomesha watoto. Ndiyo, nimefanikiwa. Wanaosema hivyo nawaomba waniache. Sikutaka mgahawa wa kupikia mabaharia fufu, ugali wetu wa muhogo, na samaki. Nilitaka kuona ninachoweza kuwa, na nilinyimwa hata kushindwa.

Haya yote yalipita kichwani wakati mafuta yanashuka kelele. Nikageuza, nikatoa, nikasubiri, nikafunga mkate, nikaweka pasi juu. Nikakata vipande vitatu. Kimoja nilikula? Hapana, sikugusa. Nikavipanga kwenye sahani yangu nzuri, nikavifunika, nikarudi msibani.

Wazee walikuwa wameshakaa kwenye duara, Leonard kwenye kiti cha mjomba, na mtoto wa shangazi pembeni na daftari la kikao, maana siku hizi ukoo unaandika kila neno. Mama Yudita alikuwa kwenye mkeka wake karibu na mlango. Nikaweka sahani mbele yake, nikafunua. Alitazama lile tumbo la mkate, mweupe na kahawia na kijani. Akachukua kipande kwa mkono wa kushoto akaanza kutafuna kwa magego, polepole. Sikumwambia kitu. Nilikaa kando yake nikangoja, kazi niliyoizoea.

Wakaleta mgongo. Leonard akashika kisu, akaona pengo. Wazee wakaangalia miguu yao, kama wakwe wa siku ile. Akacheka kidogo, akadhani ni mzaha, kisha akaona sicheki. "Yaya," akasema. "Hapana. Kweli? Nani alikata mugongo?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Yudita aliinua mkono wa kushoto, na kipande cha mkate bado kimo ndani yake. "Miye," akasema. "Njo miye nilikata."

Nilidhani nitapasuka. Miaka thelathini na miwili naisubiri sentensi hiyo, na anaileta siku ambayo si yake! Nikasimama. "Hapana, Mama! Leo ni miye. Leo nimekata na mukono wangu, asubuhi, kwa akili yangu timamu, na nitaikula mbele yenu. Hautanibebea hii. Beba ile yako. Ya ile siku ya posa, sema ya ile siku!"

"Yaya, kuna msiba," Leonard akasema.

"Mi niko na msiba tangu weye haujaota ndevu. Nyamaza."

Mama Yudita alimeza. Alichukua muda, hana meno ya mbele. "Ile siku vilevile," akasema. "Ni miye nilikata. Nikamupa mutoto. Nikamwambia nitajibu, na sikujibu. Nilimuogopa muzee." Akajifuta mdomo. Nikafikiri amemaliza, lakini akaendelea, akitazama mkate na si mimi. "Na muzee alijua. Alitazama ile nyama, alijua. Miaka yote nilimukatia nyama. Unazani hakujua mukono wangu? Usiku ule... hapana, haikuwa usiku, ilikuwa wakwe wanatoka tu, aliniambia: umenisaidia, Yudita. Sasa hatakwenda."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya duara. Nilimkumbuka mjomba akiigeuza sahani kuelekea dirishani. Nikamkumbuka anaamuru, andika, hana uaminifu. Alijua, akanifanya niandike. Na nilimpikia chakula cha msiba siku nne, nikamwoshea sufuria zake, nikalia kidogo hata kaburini. Mtu wa kumpigia kelele alikuwa amelala kule makaburini chini ya mashada ya plastiki.

Nikamgeukia yule wa daftari. Kalamu yake ilikuwa imesimama. Nikamwambia, "Andika." Akamtazama Leonard. Leonard akashusha macho, akatikisa kichwa kukubali. "Andika: mugongo wa siku ya posa ulikatwa na Yudita, muke wa Katele. Andika: Katele alijua. Andika: Adela hakuiba. Na chini yake andika: mugongo wa leo, Adela amekata." Aliandika, akainama sana. Alipomaliza nikanyoosha mkono nikalichukua daftari, nikasoma neno moja moja tangu mwanzo hadi mwisho, maana mimi najua kusoma. Palikuwa na kosa moja la herufi kwenye jina langu. Nikamrudishia, akasahihisha.

Kisha nikakaa kwenye mkeka kando ya Mama Yudita, nikachukua kipande changu, nikala nyama ya mgongo mbele ya wazee wote wa ukoo wangu. Nyama ilikuwa laini, chenga bado zinalia kwenye meno. Kilibaki kipande kimoja kwenye sahani. Mama Yudita alikitazama, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ndogo, "Hii nayo?"

"Hii ni yangu vilevile," nikamwambia, nikakila.